Mwendo wa Dominika

Wanawake wa Masama waliozoea kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe walikuwa na neno lao juu ya Dominika, mke wa Sirili. "Huyu akibeba mzigo," walisema, "mlima humwinamia." Na kweli. Furushi la majani kichwani, shingo imenyooka, mikono inaning'inia kama ya mtu anayetoka kanisani, naye anapanda huku akisimulia habari za harusi ya jana bila kuhema. Sirili mwenyewe alimpenda kwa mgongo kabla hajauona uso. Jumapili moja alimfuata njia nzima baada ya misa, hasemi neno, anatazama tu yule binti anavyoinua mguu na kuutua. Alipofika kwao alimwambia mama yake kwamba amepata mchumba, ila hajui anaitwa nani.

Maradhi yalimkuta Dominika amekwisha kulea. Binti yake Stella alikuwa ameolewa Dar es Salaam, na mwanawe Fredy alikuwa huko huko akiuza vipuri vya magari, maana miaka ile ya tisini bei ya kahawa ilikuwa imewakatisha tamaa vijana wa mlimani, kila mmoja anakimbilia biashara. Nyumbani walibaki wawili, yeye na mumewe, na ng'ombe wao wa maziwa. Asubuhi moja ya mwezi wa sita Dominika alikaa chini ya ng'ombe kukamua, vidole vikakataa kufunga. Akadhani ni baridi. Akavipasha moto, akavisugua, akakamua kwa shida. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Kisha magoti yakaingia, na vifundo vya miguu, na mabega. Ikawa anaamka kama mtu aliyevishwa usiku mwili wa mtu mwingine, mwili mzito, uliovimba, usiomjua wala kumtii.

Walihangaika. Walichemsha mizizi, walikanda kwa mafuta, walichoma sindano katika zahanati za watu binafsi zilizokuwa zikichipuka Moshi mjini kama uyoga. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali. Mwishowe wakaenda hospitali kubwa, na daktari akawaambia waziwazi kwamba hii ni baridi yabisi ya aina mbaya. Dawa zipo za kuituliza, lakini ya kuiondoa moja kwa moja hakuna.

Hapo ndipo Sirili alipoonyesha mapenzi yake yote. Alishika ndoo, akashika panga la majani, akashika na mwiko. Wanaume wenzake walimcheka walipomwona akimenya ndizi barazani, naye hakujali. Alimtengenezea mkewe kiti cha mbao za mgrevilea, kipana, chenye mikono, akakiwekea godoro la sponji na kukisogeza pale jua la asubuhi linapoingia. Dominika akitaka maji, yamefika. Akitaka kusimama, mkono wa Sirili uko kwapani mwake kabla hajajikaza. Wageni walisema, "Mama Stella, una bahati. Wanaume wa namna hii hawapo tena."

Naye aliitikia kwamba ana bahati, na mwaka wa kwanza aliitikia kwa moyo wote.

Mwaka wa pili ulipoingia, kitu fulani kilianza kumkaba, akashindwa kukipa jina. Alikuwa mgeni nyumbani kwake. Alitazama shamba lake kama mtu anayetazama picha. Mapaja yake yaliyobeba majani miaka yote yalinywea hadi sketi ikawa inampwaya. Na hofu ilikuwa imemwingia. Kabla hajanyoosha mkono kuchukua kikombe, alikuwa amekwisha kuumia moyoni, basi mkono ukabaki pale pale ulipo. Maumivu hayakupungua kwa kukaa. Yalikaa naye tu kitini.

Siku moja waliporudi kliniki, walipelekwa chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyewapokea alikuwa dada mmoja kijana aitwaye Esther, mchangamfu, mwenye mikono ya moto.

"Shikamoo mama. Nyumbani unafanya kazi gani kwa sasa?"

"Hafanyi kitu," Sirili akajibu. "Nafanya mimi zote."

"Asante baba, Mungu akubariki. Lakini namuuliza mama."

Dominika akafungua kinywa, akakuta hana la kusema. Hilo lilimchoma kuliko goti. Esther akamshika kifundo cha mguu, akakizungusha taratibu, akamwambia akizungushe mwenyewe. Kiliuma, kikalia kama bawaba ya mlango, lakini kilizunguka.

"Umeona? Kiungo kisipotumika huota kutu," Esther akasema. "Kidogo kidogo, mama, kila siku. Na yapo maumivu ya namna mbili, ujifunze kuyatenganisha. Yapo ya kuamka, ya kiungo kilicholala. Hayo yavumilie. Yapo na ya kuumizwa. Hayo ukiyasikia, simama, pumzika. Maji ya uvuguvugu nayo yanasaidia sana."

Njia nzima ya kurudi Sirili alirudia neno moja tu kati ya yote yaliyosemwa: "Umesikia? Kasema upumzike."

Dominika hakubishana. Lakini wiki hiyo, Sirili alipokwenda kupeleka maziwa kituoni, aliinuka kitini peke yake. Alisimama ameshika mhimili wa baraza mpaka magoti yakatulia. Kisha akaanza kushuka kihambani, shambani kwao, katikati ya migomba, kuelekea kwenye mfongo, mfereji uliokuwa ukipitisha maji mpakani mwa shamba. Alikwenda kwa hatua za kuku. Majani makavu yalilia chini ya kandambili, na umande ukamlowesha miguu. Alikuwa amesahau kwamba umande una ubaridi wake, na kwamba mteremko huusukuma mwili mbele kwa upole kama mkono wa rafiki. Alipofika, alichovya vidole majini na kujipaka usoni. Aliumwa mahali pengi mno, na alikuwa na furaha.

Kurudi kulimshinda. Mlima ambao zamani ulimwinamia ulisimama wima kama ukuta, na goti la kulia likakunjika. Sirili alimkuta amekaa kwenye tope chini ya mibuni. Hakumgombeza. Alimbeba mgongoni hadi nyumbani, akamuosha miguu kwa maji ya moto.

"Unataka kuniua, Domi?" aliuliza hatimaye.

"Nilitaka kuuona mfongo."

"Ungeniambia, ningekuletea maji."

"Sikutaka maji, Baba Stella. Nilitaka kwenda."

Sirili akatikisa kichwa, akatoka. Aliporudi alikihamisha kile kiti kutoka barazani, akakiingiza sebuleni, mahali pasipo na ngazi wala mteremko. Dominika alimtazama akifanya hivyo, na lile jambo lililomkaba miezi yote likapata jina.

"Wewe hunitunzi, Sirili," alisema polepole. "Unanihifadhi. Kama mahindi darini."

Mumewe alisimama na sponji mkononi. "Mgonjwa haulizwi uji," akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi niulize."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya. Chakula kilikuja, maji yalikuja, maneno hayakuja. Aliyekuja kuuvunja ukimya ule alikuwa Hadija, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Boma Ng'ombe, Mwislamu mwenye asili ya Kondoa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Tangu ujana wao alikuwa akipanda Masama kununua ndizi kwa Dominika, na biashara ilikuwa imegeuka udugu. Siku hiyo aliwaamkia, akanywa chai, akawatazama mmoja mmoja.

"Humu ndani kuna msiba au kuna nini?"

Dominika akamweleza yote, na Sirili akiwa papo hapo. Alieleza habari za mfongo, za goti, za kiti. Hadija alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shoga," akasema mwishowe, "kiuno changu unakijua. Tangu nilipoanguka na lori la ndizi pale Kwa Sadala, hakijapoa hata siku moja. Nacheka nacho, nalala nacho. Sasa unadhani natembeaje? Kila wiki mwanangu Swaleh akienda kupakia vitunguu kule chini, ananishusha kwenye chemchemi. Maji yake si ya moto wala si ya baridi. Naingia na kanga yangu, namwachia Mungu uzito wangu. Nikitoka siponi. Lakini nakuwa nimetembea."

"Maji?" Sirili akashtuka. "Huyu ni mtu wa mlimani, Mama Swaleh. Hajawahi kuingia maji yanayopita magoti."

"Basi ataanza. Wewe ulizaliwa unajua kupika mtori?"

Sirili akageuka. Akamtazama mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kumtazama akingoja jibu.

"Unataka?" akauliza.

"Nataka."

"Basi na mimi nakwenda."

Siku ilipofika, Swaleh aliwachukua na pikapu yake, gari lililoingia nchini likiwa limetumika lakini yeye akilifuta kama jipya. Dominika alikaa mbele, Sirili na Hadija wakakaa nyuma juu ya magunia matupu. Baada ya Boma Ng'ombe lami ikaisha, vumbi likaanza, na kila shimo la njia lilimpiga Dominika begani na kiunoni hadi akajuta kukubali. Nchi ilikuwa kame, miiba na mawe. Halafu ghafla, kama mtu aliyefungua mlango, pakawa na miti mikubwa ya kijani, na chini yake maji ya buluu, maangavu kiasi cha kuona mchanga na mizizi ya mikuyu chini kabisa.

Hapakuwa na watu siku hiyo, ila wanawake wawili waliokuwa wakifua mbali kidogo. Swaleh akaenda zake kwenye vitunguu. Hadija akamfunga rafiki yake kanga mbili kwa mafundo madhubuti, akatangulia majini kwa mahali palipo na kina kifupi, akageuka kumnyooshea mikono.

Dominika aliogopa. Aliogopa kama mtoto. Aliweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akawa amemng'ang'ania Hadija mpaka kucha zikamwingia. Maji yakafika magotini. Yalikuwa ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea kichanga. Yakafika mapajani, kiunoni, na yalipofika kifuani, jambo likatokea ambalo hakulitazamia. Uzito ukamwacha. Hakujua kwamba alikuwa akibeba mzigo mkubwa hivyo mpaka ulipopokelewa. Ule mwili ulioapa kutomtii ulisimama pale, mwepesi, ukiyumba kidogo kwa mkondo, kana kwamba unauliza: haya, unataka tufanye nini?

"Inua goti," Hadija akamwambia.

Akainua goti. Lilipanda. Akalishusha, akainua la pili. Akapiga hatua, na hatua nyingine, hatua ndefu za mtu anayekwenda mahali. Alitanua mikono, maji yakaibeba. Alijizungusha, kanga ikazunguka naye. Maumivu yalikuwapo, hakudanganyika. Yalikuwa yamekaa pembeni tu, kama mgeni mzungumzaji aliyenyamaza kidogo ili wenyeji nao waseme. Dominika akaanza kucheka. Hadija akacheka, na kicheko chake kikaruka juu ya maji hadi wale wafuaji wakageuka. Kisha Dominika akagundua kwamba analia pia, lakini uso ulikuwa umelowa tayari, hapakuwa na haja ya kujificha.

Sirili alikuwa ukingoni, ameshika kandambili za mkewe kifuani kwa mikono miwili.

"Inatosha!" aliita. "Domi, inatosha sasa, utachoka!"

Hakujibiwa. Dominika alikuwa akienda, anarudi, anakwenda. Na kadiri mzee yule alivyotazama, mdomo wake ulijifumba. Alichokuwa akikiona hakuwa amekiona kwa muda mrefu: mkewe akiinua mguu na kuutua. Aliweka kandambili chini. Akavua viatu, akakunja suruali hadi magotini, akaingia, mguu mmoja baada ya mwingine, uso umekunjamana kama anayekanyaga makaa. Mara akapiga ukelele na kuruka.

"Kuna kitu kinaniuma!"

"Ni samaki wadogo, Baba Stella," Hadija akasema huku akijishika mbavu. "Wanakula utando wa miguu. Wamependa yako."

Dominika alimsogelea hadi mahali maji yalipokuwa mafupi, akamnyooshea mkono. Sirili akaudaka upesi, akatia mkono wa pili kwapani mwake kama alivyozoea.

"Hapana," Dominika akasema. "Siangukii popote. Nipe mkono tu, tutembee."

Akautoa ule wa kwapani. Wakatembea, yeye katika kina kidogo, mumewe ukingoni, mkono kwa mkono, mpaka Swaleh akapiga honi.

Kesho yake Dominika hakuweza kugeuka kitandani. Mwili wote ulikuwa unawaka. Alifumba macho akingoja lile neno ambalo alijua ana haki ya kuambiwa: si nilikwambia? Sirili alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Haya ya leo," akauliza, "ni yapi? Ya kuamka au ya kuumizwa?"

Dominika akafungua macho. Kumbe Sirili alikuwa amesikia yote siku ile kliniki. Akayasikiliza maumivu kwa utulivu, kiungo kwa kiungo, kama anayesikiliza watoto wakigombana ili ajue nani kaanza.

"Bega ni la kuumizwa," akasema. "Nililinyoosha kupita kiasi. Yaliyobaki ni ya kuamka."

"Basi bega tulikande. Yaliyobaki nakuachia."

Akamkanda bega, kisha akatoka nje. Dominika alichukua muda mrefu kukaa, na muda mrefu zaidi kusimama. Kupitia dirishani alimwona mumewe ameshika shoka mbele ya gogo, hapasui, amesimama tu, shingo imekakamaa, sikio limeelekea chumbani. Alipomsikia akifungua mlango wa sebule ndipo akapiga shoka la kwanza.

Hakupona. Zilikuwapo wiki nzuri, zikawapo na wiki ambazo hata kanga aliifunga kwa msaada. Lakini walikuwa wamewekeana maneno yao. Akisema, "Leo kiti," Sirili haulizi. Akisema, "Leo naenda," Sirili pia haulizi, ingawa humlazimu kuuma mdomo. Walirudi chemchemi kila Swaleh alipokuwa na nafasi. Pale nyumbani Dominika alijitwalia kazi moja moja, kama mtu anayeokota shanga zilizotawanyika. Alichambua maharage, kwa kuwa vidole vilipenda kazi ile. Alipeleka maziwa kituoni katika kidumu kidogo, akipumzika kwenye kila jiwe, akiamkiwa na kila mtu. Zamani alipita njia ile bila kuiona. Sasa alijua mahali mizizi inapokatiza, mahali udongo ni laini, mahali mwili hushukuru. Na akajifunza raha ndogo ambazo mwenye afya hazijui: kujinyoosha alfajiri mpaka mgongo ulie mara moja na kutulia, kugeuza kifundo cha mkono na kukiona kimegeuka, kuinama, kung'oa jani moja la magugu, na kusimama tena nalo mkononi kama mshindi.

Krismasi ikafika, na kama ilivyo desturi, mlima ukajaa watoto wake kutoka mijini. Stella alikuja na mumewe na wajukuu, Fredy akaja na mbuzi na makreti ya soda. Usiku Stella alimwona mama yake akishuka ngazi za jiko akiwa ameshika ukuta, akahuzunika. Asubuhi yake alimkuta amesimama mbele ya sufuria kubwa, anaponda mtori, paji la uso linatoka jasho, mdomo umekazwa.

"Jamani mama! Kaa chini!" Akamnyang'anya mwiko. "Baba yuko wapi anakuacha ufanye hivi? Tumekuja wote hapa, halafu wewe unajitesa?"

Dominika akabaki na mkono mtupu, umekunjwa bado kwa umbo la mwiko. Kabla hajasema lolote, Sirili akatokea mlangoni na kuni kwapani.

"Stella. Mrudishie mama yako mwiko."

"Baba, anaumwa! Huoni vidole vyake?"

"Naviona. Naviona usiku, naviona mchana, mimi ndiye ninayevikanda." Aliweka kuni chini taratibu. "Najua anaumwa, mwanangu. Mrudishie."

Stella aliwatazama wote wawili. Macho yalimjaa machozi, lakini alimrudishia. Dominika akaupokea kwa mikono miwili, akauweka vizuri mahali ambapo kiganja hakiumi sana, akaendelea. Aliponda kwa mwili mzima kama Esther alivyomwelekeza walipomrudia kliniki, mabega na kiuno vikisaidia mkono, mbele na nyuma, na katika mwendo ule palikuwa na kitu kinachofanana na kucheza ngoma. Kila pigo lilimuuma. Kila pigo lilikuwa lake. Stella alisimama kando akitazama, na polepole mabega yake mwenyewe yakaacha kukakamaa.

"Unaumia, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Naumia."

"Sasa kwa nini?"

Dominika alifikiri.

"Niliwahi kuacha," akasema. "Niliumia vile vile, na wala sikuwepo."

Akaponda mpaka ndizi zikalainika na nyama ikachanganyika. Kisha akasikia, chini ya kidole gumba, yale maumivu mengine, makali, ya namna ya pili. Hakushindana nayo.

"Haya, mimi hapa nimefika," akasema, akamkabidhi binti yake mwiko mwenyewe. "Malizia. Usiache ukashika chini."

Akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango, akanyoosha miguu yake kuelekea uani walikokuwa wajukuu wakimkimbiza mbuzi aliyekata kamba, na Fredy nyuma yao akipiga kelele kwamba wamzuie kabla hajaingia kwa jirani.